Tulienda kutafuta ndege mmoja, rolie, tukaonana na mwingine, pita

IJUMAA

Wiki yote nilishona mpaka saa tano za usiku juu Ijumaa niwe huru. Niko fundi wa nguo, atelie yangu iko Kamalondo hapa Lubumbashi, na mwezi wa kumi na moja njo mwezi wenye kazi inajaa mpaka mlangoni, kila mama anataka kitenge chake kiishe mbele ya Noeli, kwa hiyo kuacha mashine siku mbili na nusu si jambo dogo. Lakini mvua ilikuwa imeanza. Mvua yenyewe sasa, si ile ya mwezi wa kumi inayolaza vumbi tu halafu jua linarudi. Na mwenye anapendaka ndege huku Katanga anajua maana yake: kuna ndege ambao miezi na miezi huwaoni, mvua ikishika wanafika usiku mmoja, kama watu wanavyofika matangani.

Yaya yangu (yaya kwetu ni ndugu mkubwa, wangu ni mwanaume) njo alinitia mu hii mambo ya ndege. Alisoma agronomia pale Kasapa, chuo kikuu cha Lubumbashi, na tangu nikiwa msichana alikuwa anarudi nyumbani na kaye imejaa majina ya ndege, saa na mahali. Tuna jimeli moja, darubini ya macho mawili, tuliinunua ya okazyo, ya mkono wa pili, tunapokezana. Watatu wetu ni mdogo wetu wa mwisho, yeye anabeba telefone yenye kamera nzuri, anabeba na sufuria, bashi (turubai) na bukari (ugali) ya siku mbili, na hajawahi kulalamika hata siku moja.

Safari hii tulikuwa tunamtafuta rolie ya raketi. Ni ndege wa bluu na zambarau, mkia wake una manyoya mawili marefu ya pembeni yanaishia na kijiko kidogo huku na huku. Anataka miombo ya zamani, njo misitu yetu ya mwanga, miti mirefu yenye chini yake kumeachana. Yaya alimwona mara moja miaka mingi nyuma, mimi hata siku moja. Nilikuwa nimeandika jina lake juu kabisa ya ukurasa mpya, na nafasi tupu pembeni ya kutia saa.

Tulitoka mjini saa tisa na taksibisi mpaka mwisho wake, halafu moto tatu, pikipiki. Sitasema barabara gani wala kilomita ngapi, mtaelewa huko mbele juu ya nini. Njiani ile mistari ya baiskeli za makala, makaa ya kupikia, ikawa inatukuta, wanaume wanasukuma, mtu mmoja na mifuko mitatu minne imepangwa juu ya baiskeli mpaka kichwa chake hakionekani, unaona miguu tu na mikono imeshika usukani kwa fimbo. Wametoka huko usiku wa manane. Mimi makala napikiaka kila siku, na pasi yangu ya atelie ni ya makala umeme ukikatika, kwa hiyo siwezi kuwaangalia kama watu wabaya. Lakini kila mwaka wanatoka mbali zaidi, dereva wa moto mwenyewe alinionyesha kwa mkono mahali walipokuwa wanakata zamani alipokuwa mtoto, sasa pale ni mahindi na nyumba.

Tulilala kwa papa mmoja rafiki wa yaya, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ana shamba la mihogo na kibanda cha bati. Usiku mvua ikapiga bati ile ya kutosikilizana. Ilipokatika kidogo kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu wakajaa kwenye taa ya sola, mama wa nyumba akaweka beseni ya maji chini ya taa, nusu saa beseni imejaa, tukawakaanga na chumvi. Papa akasema mvua ya namna hii itafungua ardhi. Nililala na mabote karibu na kichwa.

JUMAMOSI

Saa kumi na moja tulikuwa nje. Kila jani linatiririka, na huko juu kekeo mwenye kifua chekundu ameshaanza noti zake tatu, tatu, tatu, anazirudia bila kuchoka mpaka jioni. Huyo unamsikia siku nzima na humwoni, mimi nimeshamzoea.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Kulukulu wawili wa kijani wakaruka mbele yetu kutoka mti huu hadi mwingine, na wakifungua mabawa ile nyekundu inawaka ghafla halafu inazimika wakikaa. Hondohondo mmoja. Keremkerem wa Ulaya wanapita juu kabisa, sauti yao ni kama filimbi ya maji. Yule ndege mweusi mwenye kofia nyeupe anayependa kukaa kwenye mashina ya miti. Mbayuwayu. Saa nne kaye yangu ilikuwa na majina thelathini na nane.

Rolie hapana.

Yaya alikuwa anatupeleka mahali pake pale pa zamani, alipomwona. Alikuwa anatembea mbele haraka haraka, anasema kuna kibonde, baada ya kibonde kuna miti mikubwa, mtaona. Tukashuka kibonde, tukapanda. Miti haikuwepo. Ilikuwa visiki, vingine vimechipua tayari mpaka kiunoni, na mahali palipokuwa tanuru za makala palibaki meusi meusi kama mtu alimwaga wino, na katikati ya ule weusi majani madogo ya kijani. Miombo inajua kurudi, ukiiacha. Lakini rolie anahitaji mti uliozeeka, wenye tundu la kutagia, na tundu halipatikani kwenye chipukizi la miaka mitatu. Yaya alisimama pale akavua kofia, akapangusa kichwa, hakusema neno. Mdogo wetu akamtolea maji. Tukakaa kwenye kisiki, tukala bukari baridi na bitoyo, samaki wa chumvi, na mvua ikaturudia tukiwa tunakula.

Mchana wote tulikuwa chini ya bashi. Nafupisha, hakuna cha kusema.

Saa tisa na nusu ikakatika, na papa wa shamba alikuwa ametuambia kwamba upande wa mto mdogo kumebaki kipande cha muhulu. Muhulu kwa mwenye hajui: si miombo. Miombo mwanga unaingia, unatembea, unaona mbali. Muhulu ni msitu mzito, umefungamana, majani hayadondoki yote wakati wa kiangazi, ndani kuna giza na nyuzi za mimea zinakushika shingo. Zamani ulikuwa mwingi zaidi huku kwetu, sasa unakuta vipande kama viraka. Na pembeni mwa ule muhulu kuna vichuguu.

Lazima niseme kuhusu vichuguu juu safari yote iligeuka hapo. Mtu wa mahali pengine akisikia kichuguu anafikiri kitu cha kufika gotini. Vya kwetu Lubumbashi vinafika mpaka metre nane kwenda juu, ni vilima, nyumba ya ghorofa moja inajificha nyuma yake. Na juu yake kunaota kichaka chake chenyewe, miti ambayo haioti mahali pengine karibu, juu udongo wa kichuguu ni mwingine, mchwa wameupandisha kutoka chini sana. Ukiwa mu miombo uliokatwa, vichuguu njo vinabakia na vichaka vyao kichwani.

Tulikuwa tunapita chini ya kimoja hivi, kikubwa, saa kumi na moja na nusu ya jioni, jua limeshuka na kila kitu kimekuwa rangi ya chai. Njo nikasikia.

*Prrr-wip.*

Fupi. Kama mtu anapasua kitambaa kikavu kidogo halafu anapiga ulimi. Nikasimama. Halafu kimya, labda sekunde kumi, halafu tena: *prrr-wip.* Inatoka ndani ya kichaka cha kichuguu, chini-chini, si juu ya mti.

Nikasema ni chura. Mdogo wangu naye akasema chura, kwa hii mvua vyura wako kila mahali. Yaya hakusema chura. Hakusema kitu. Aliweka kidole mdomoni, akachuchumaa mu matope na suruali yake, akakaa hivyo mpaka giza likaingia kabisa na hatukuona chochote, na ile sauti ikatoka mara saba au nane na ikanyamaza.

Kurudi kwenye shamba hakusema. Nilimjua tangu tukiwa wadogo, akinyamaza vile kuna kitu anakishika ndani anaogopa kukitoa kikaharibika. Kwenye moto mama wa nyumba alitupa bukari na sombe, majani ya mihogo, na njo papa akamwuliza kama kweli watu wanaweza kutoka mjini siku mbili na kunyeshewa juu ya ndege tu. Aliuliza kwa moyo mzuri, alitaka kujua. Yaya akamwelezea juu ya mnana wa Lufira. Ni ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, anajenga kwenye mabwawa ya ziwa Tshangalele, huko upande wa Likasi. Mwaka 1960 mtafiti Jean-Claude Ruwet alimkamata mmoja, akapelekwa makumbusho, jina lake la kitaalamu likawa Ploceus ruweti, halafu basi. Karibu miaka hamsini hakuna aliyeandika kwamba amemwona tena, mpaka mwaka 2009. Na wakati wote huo alikuwa pale pale kwenye ziwa, anasuka nyumba yake, wavuvi wanapita naye kila siku. "Alikuwa pale tu," yaya alirudia, na papa akatikisa kichwa polepole, akasema: "Kumbe. Haikuwa amepotea. Ni shiye batu hatukumuuliza."

JUMAPILI

Saa kumi ya alfajiri yaya ameshaniamsha. Hajalala, niliona macho yake. Njiani tukiwa tunatembea na tochi njo akanitolea: "Usiseme kwa sauti. Mimi nafikiri ni pita."

Pita! Kwa Kifaransa wanamwita breve ya Angola, jina la kitaalamu Pitta angolensis, na kwa Kiswahili hilo jina limekaa vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote, juu huyu ndege kweli anapita. Afrika nzima ina pita wa aina mbili tu. Mmoja mwenye kifua cha kijani ni wa msitu mkubwa huko kaskazini. Mwingine, huyu wetu, wale wa upande wetu sehemu ya mwaka wanakaa karibu na ikweta, halafu mvua ikianza huku kusini wanashuka kuzaa. Wanasafiri usiku. Taa za mji zinawapoteza, wanakuja kujigonga kwenye madirisha. Yaya alimwona mmoja tu maishani mwake, alikuwa amekufa, asubuhi moja chini ya ukuta wa nyumba mjini, mlinzi alikuwa anamfagia pamoja na majani. Alimwomba yule mlinzi ampe, akamfunga kwenye gazeti. Hiyo hadithi nilikuwa sijaisikia hata siku moja mpaka hiyo alfajiri.

Tulikaa chini ya kichuguu, migongo kwenye mti, mbu wanatula. Mdogo wetu na telefone upande wa pili. Kukaanza kupambazuka kijivu. *Prrr-wip.* Iko pale. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaogopa utasikika. Na njo wakati huo huo nyuma yetu mtu akasema kwa nguvu:

"Muko nafanya nini apa?"

Mama mmoja, beseni kichwani, na msichana wa miaka kumi hivi pembeni yake na kikapu. Walikuwa wametoka kuokota uyoga, siye tunaitaka bowa, mvua za kwanza njo wakati wake, na ule mkubwa kabisa wenye kofia kama sahani ya familia unaota kwenye vichuguu.

Yaya akasimama akamsalimia, mama shikamoo, habari ya asubuhi, mama hakujibu salamu.

"Muko ba kampuni?"

"Hapana mama. Tuko tunaangalia ndege."

"Na jimeli? Na kaye?" Alinyooshea kidole kaye yangu. "Bale balikuja mwaka yenye ilipita nabo balisema beko banaangalia tu. Balikuwa na kaye vile vile. Kisha balirudi kupanda bibao, sasa kule ku shamba ya dada yangu hatupitake tena."

Nilielewa. Mtu wa Lubumbashi yeyote anaelewa. Mtu mwenye viatu vya mjini, darubini na kitabu akichuchumaa porini, huyo amekuja kupima madini, na ardhi ya mtu iko hatarini. Nilisikia aibu kwamba jana yote tulitembea pale hatukubisha hodi kwa mtu isipokuwa papa wa shamba. Nikafunga kaye. Nikamwambia mama mimi nashona nguo Kamalondo, huyu ni yaya yangu, yule kule ni mdogo wetu, na kama anataka twende tutaenda sasa hivi, lakini mule ndani kuna ndege anatoka mbali sana na hatujamwona bado.

Aliniangalia mikono. Nafikiri ni vidole vyangu vilinitetea, vina alama za sindano na mkasi ambazo hazifutiki.

"Ndege yenye inafanya prrr?" aliuliza.

"Njo hiyo."

"Ile ni chura ya mu muti. Inaliaka siku mvula inaanza. Shiye bote tunasikiaka."

"Uliionaka mama?"

Akafikiri. "Kuona, hapana."

Akashusha beseni. Tukachuchumaa wote wanne, mama, mtoto, yaya na mimi, na hatukusema tena.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Jua likapata tundu mu mawingu, likapiga upande mmoja wa kichuguu kwa ubapa. Chini palikuwa majani makavu na yaliyolowa, kahawia tu, na mimi nilikuwa naangalia pale pale na sioni kitu, na yule mtoto akanivuta mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Kale kandege kamevaa kitenge."

Alikuwa pale. Alikuwa pale wakati wote, metre tano au sita mbele yetu, amesimama wima kwenye majani, miguu mirefu, mkia kama hana. Ndege mwenye rangi saba na alikuwa haonekani, juu hakutikisika. Halafu akaruka-ruka hatua tatu, akageuza jani na mdomo, akatoa kitu akameza, akasimama tena.

Acheni niseme rangi, juu rangi njo kazi yangu. Mgongo kijani, lakini si kijani ya jani, ni ile ya satini ukiigeuza kwenye mwanga. Kichwa cheusi na mstari mpana juu ya jicho, rangi ya siagi, umekatwa safi kama pindo. Koo karibu jeupe, na uwaridi kidogo. Kifua rangi ya kahawia ya dhahabu, ile kitambaa cha hariri ya zamani inapata. Chini ya tumbo mpaka mkiani nyekundu, nyekundu nzito isiyo na machungwa ndani. Na kwenye mabawa, madoa ya bluu ya kung'aa, yamepangwa, kila doa peke yake, kama mtu alishona shanga moja moja usiku akiwa hana haraka. Nimeshona miaka kumi na nne, mteja akiniletea hizo rangi zote kwa gauni moja ningemkatalia. Na pale zilikaa. Hakuna moja iliyopiga kelele juu ya nyingine.

Akapanda kwenye tawi la chini, la kufika bega la mtu. Akatulia. Halafu akafanya kitu ambacho yaya alikuwa ananieleza miaka yote kutoka vitabuni na hakuwahi kukiona: akajirusha juu moja kwa moja, kama ametupwa, mabawa yakafunguka na doa jeupe ndani yake likaonekana, ile *prrr* ilikuwa ni mabawa na koo pamoja, na *wip* akiwa ametua pale pale. Akakaa. Akarudia. Mara sita nilihesabu. Nilimpa mama jimeli, nikamsaidia kuiweka sawa kwenye macho, na nikasikia pumzi yake inakatika.

"Yee mama," alisema. "Yee mama wee."

Yaya alikuwa analia. Mkubwa wangu, baba wa watoto watano, machozi yanashuka na hakuyafuta, juu hakutaka kusogeza mkono.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini akashuka upande wa pili wa kichuguu na hatukumwona tena. Mdogo wetu alipata foto tatu, mbili ni majani, moja unaona mgongo na nusu ya kichwa. Inatosha, kwa kumtambua inatosha kabisa.

Njo sasa mama akatuchekea mara ya kwanza, akamwagia maji mikono yetu kutoka kwenye chupa yake, tukala mikate yetu pamoja. Akamwuliza yaya: kinaishi hapa? Yaya akamwambia kinakuja na mvua, kinazaa, halafu karibu mwezi wa nne wa tano kinarudi. Kinapenda giza la chini ya kichaka na majani yaliyooza, kinakula mchwa, sisimizi, konokono. Kichuguu chenye kichaka kama hiki njo nyumba yake.

Mama akanyamaza, akaangalia kichuguu kutoka chini mpaka juu.

"Hii shemeji atavunja," akasema. "Mwezi ya sita. Matofali."

Alisema bila ubaya. Udongo wa kichuguu unatoa tofali zuri, halipasuki kwenye moto, kila mtu anajua, nyumba nyingi za pembeni ya mji zimejengwa nao. Kichuguu kimoja kama kile kinaweza kutoa matofali ya kulipia shule ya watoto. Yaya akamwambia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikijui. Kwamba watafiti walipimaka umri wa vichuguu vya namna hii, hapa hapa mu miombo ya Lubumbashi, kwa ile njia ya kaboni, na kimoja walikikuta kimepita miaka 2000.

"Miaka elfu mbili?"

"Elfu mbili, mama."

Alikwenda akaweka kiganja kwenye udongo, akakiacha pale. Mtoto naye akaweka chake pembeni. "Na kiangazi moja tu kinaisha," mama alisema, na hakuwa anatuambia sisi.

Tulienda kumsalimia shemeji. Ilikuwa lazima, kuondoka bila kumwona ingekuwa wizi. Ni kijana tu, miaka thelathini, mkono mmoja umefungwa kitambaa, alichomwa na tanuru. Alisikiliza yote, aliangalia foto kwenye telefone mara mbili, akaikuza kwa vidole. Yaya hakumwomba kitu, hatukuwa na kitu cha kumpa badala ya matofali, na kumwambia mtu aache pesa yake juu ya furaha yetu ya asubuhi moja, mimi nisingeweza kufungua mdomo. Ni yeye mwenyewe aliyesema upande wa barabara kuna vichuguu viwili vipara, miti yake ilikatwa zamani, kuvunja pale ni rahisi hata zaidi, hakuna mizizi. "Nitaanza na bile," alisema. "Kisha nitaona." Tukamwambia aksanti. Hiyo "nitaona" nimerudi nayo mjini.

Na njo maana sijataja barabara. Foto yenye mahali inasambaa upesi, kesho kuna watu ishirini wanakanyaga kichaka, keshokutwa kuna mtoto na manati au mtu anayetaka kumtia mu kizimba amuuze. Kwenye kaye ya yaya mahali pameandikwa kwa metre. Huko pabaki.

Moto za kurudi zilitupata saa nane. Jumla ya wikendi ndege sitini na moja, na jina la juu ya ukurasa, rolie, nafasi yake bado tupu. Sikuifuta.

JUMATANO

Jumatatu na Jumanne nilishona tu, hakuna ndege zaidi ya shomoro wa kwenye bati. Kuna mteja aliniletea kitambaa cha satini ya kijani, nikakishika muda mrefu mpaka akaniuliza kama kina kasoro.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, namba nisiyoijua ikanibipu. Nikapiga. Ni yule mtoto wa bowa, na telefone ya mama yake.

"Yaya," akasema, "usiseme. Sikiliza."

Nikasikia mvua ndogo kwenye majani. Nikasikia mama yake anakohoa mbali. Kifurushi changu cha telefone kilikuwa kinaisha, nilikuwa najua, nikabaki nimesimama katikati ya atelie na sentimetre shingoni, sipumui. Halafu, mbali kidogo, lakini wazi:

*Prrr-wip.*

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Biko bibili sasa," akasema, na laini ikakatika.